Wazee wakinyamaza, sinema ndiyo husimulia

MUHULA uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Tororo insha fupi ya historia. Mada ilikuwa utawala wa Idi Amin nchini Uganda, kuanzia 1971 hadi 1979. Mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida huandika kwa uangalifu, alijaza ukurasa mzima kuhusu daktari Mskoti aliyeitwa Nicholas Garrigan. Alieleza jinsi daktari huyo alivyokuwa mwandani wa Amin, jinsi alivyompenda kwa siri Kay, mke wa rais, na jinsi alivyoponyoka katika uwanja wa ndege wa Entebbe pamoja na mateka walioachiliwa.

Nilimwita na kumuuliza ameyatoa wapi hayo yote. "Mwalimu, niliona," akanijibu. Hakusema alisoma. Hakusema alisimuliwa na babu yake. Aliona.

Ndugu msomaji, Garrigan hakuwahi kuwepo. Ni mtu wa kubuniwa katika riwaya ya Giles Foden iliyotoka mwaka 1998. Mwaka 2006 riwaya hiyo ikafanywa filamu, The Last King of Scotland, na sehemu kubwa ya filamu hiyo ikapigwa picha hapa hapa Uganda. Mwigizaji wa Marekani, Forest Whitaker, alitunukiwa Oscar mwaka 2007 kwa jinsi alivyomwigiza Amin. Kay Amin alikuwepo kweli, na kifo chake cha mwaka 1974 kilikuwa cha kweli na cha kusikitisha, lakini hakuna Mskoti aliyehusika nacho.

Nilimkata mvulana yule alama zote za ukurasa ule, kama inavyonipasa. Lakini jioni, nikisahihisha vitabu vya wenzake, moyo ulinisuta. Mtihani alioanguka yeye niliuanguka mimi zamani, nikiwa mtu mzima na mwalimu mwenye cheti. Kosa lake lilimgharimu alama chache. Langu lilimuumiza mtu.

Mimi nilivuka mpaka mwaka 1977 nikiwa mgongoni mwa mama, mtoto wa miezi michache tu. Mwaka huo mambo yalikuwa yameharibika kabisa. Mwezi wa Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na watu wengi wakakimbilia Kenya kupitia Busia na Malaba. Baba yangu alikuwa karani mjini Tororo. Upande wa Kenya hakuwa karani tena. Aliazima baiskeli akawa akibeba abiria na mizigo yao kati ya vituo viwili vya mpaka, kazi ambayo ndiyo iliyozaa neno boda boda.

Amin alipoangushwa Aprili 1979 tulisema tutarudi. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 na vurugu zake, ikaja vita ya msituni, na mwaka 1987 ukazuka uasi huko Teso, majirani zetu. Kila mara baba alisema tungoje kidogo. Katika kungoja huko nikamaliza shule ya msingi, nikamaliza sekondari, nikaingia chuo cha ualimu, vyote Kenya. Nilirudi Tororo mwaka 2001. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili pale Busia, Malaba na Tororo mna kisa kinachofanana na hiki.

Jambo moja ambalo baba hakuwahi kutueleza ni kwa nini tulikimbia. Ukimuuliza angejibu, "Yaliyopita si ndwele," kisha angetoka nje kuangalia kama baiskeli imefungwa. Mama naye alituambia tumwache baba apumzike. Nyumba nzima ilijua kwamba kuna mlango usiofunguliwa.

Mlango huo nilifunguliwa na kibanda cha video. Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyuma ya soko, upande wa Kenya, palikuwa na kibanda cha mabati chenye runinga moja na jenereta iliyokuwa ikizimika katikati ya mapigano. Tulilipa shilingi chache tukakaa kwenye mabenchi, na wengine chini. Siku moja waliweka mkanda wa Rise and Fall of Idi Amin, filamu ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa picha nchini Kenya. Nilitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupepesa macho. Katika filamu ile Amin anaonyeshwa hadi akila nyama ya mtu.

Nilitoka pale nikiwa na jibu. Kumbe ndiyo sababu tulikimbia! Kumbe ndiyo sababu baba hawezi kusema! Usiku ule nilimwonea baba huruma kuliko siku yoyote, na tangu siku ile sikumuuliza tena. Nilikuwa nimeshajua, au ndivyo nilivyodhani.

Kuna watakaosema kwamba watoto si wajinga, kwamba wanajua filamu ni maigizo. Ni kweli, lakini si kila mahali. Sisi watoto wa mpakani tulimcheka Rambo. Tuliona askari wa kweli kila siku, Wakenya upande huu na Waganda upande ule, na tulijua bunduki huishiwa risasi na askari huchoka na kuomba sigara. Tulikuwa na kitu cha kumpimia Rambo, ndiyo maana hakutudanganya. Lakini juu ya nchi tuliyotoka hatukuwa na kitu cha kupimia. Filamu ile iliingia katika chumba kitupu, ikaketi popote ilipotaka.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya sinema. Haina nguvu sana pale ambapo mtu anajua, au ana wa kumuuliza. Nguvu yake ni pale ambapo wanaojua wamenyamaza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Amin alikuwa malaika. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mwaka 1972 na hakurudi. Mwaka huo huo Waasia walifukuzwa na maduka yao yakagawiwa kama njugu. Idadi ya waliouawa katika utawala ule inakadiriwa kuanzia maelfu themanini hadi laki tatu na zaidi. Kuhusu kula watu, Henry Kyemba, waziri wa afya aliyetoroka mwaka 1977, aliandika katika kitabu chake cha mwaka huo kwamba Amin alijigamba kuwa amewahi kuonja nyama ya binadamu. Majigambo si ushahidi. Na mtu aliyewaua raia kwa maelfu hahitaji kuongezewa jambo la kusisimua ili awe mwovu.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Filamu ile ilinifundisha kwamba uovu wa Uganda ulikuwa na sura moja na ulitoka upande mmoja wa nchi. Amin alikuwa mtu wa Koboko, kule West Nile, na jeshi lake lilijaa watu wa huko. Nikaamini kwamba mtu yeyote wa Koboko au Arua ana kitu kile ndani yake. Sikuwahi kukutana na hata mmoja wao. Na kichekesho ni kwamba uso niliokuwa nikiuogopa usiku haukuwa hata wa mtu wa West Nile. Ulikuwa wa Joseph Olita, mwigizaji Mkenya wa Siaya, jirani zetu kabisa pale Busia, aliyefariki mwaka 2014.

Sasa niseme nilichofanya. Nilipoanza kazi Tororo, shule niliyopangiwa ilitaka nikae nyumba moja na mwalimu mwenzangu. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa hesabu, na alikuwa wa Koboko. Nilimwendea mkuu wa shule nikatoa visingizio vya tumbo na usingizi mwepesi hadi nikapewa chumba kingine. Alipotualika walimu kwa chakula sikwenda. Nikiwa na wenzangu nilimtania kwa jina la "mpwa wa Dada". Wanafunzi wana masikio marefu, nao wakalishika jina hilo.

Mnamo 16 Agosti 2003 Amin alifariki huko Jeddah, Saudi Arabia. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, katika chumba cha walimu, nilimuuliza mwenzangu yule mbele ya watu wote kama atasafiri kwenda matangani. Watu walicheka. Yeye hakucheka wala hakujibu. Alikusanya vitabu vyake akaenda darasani kabla ya kengele kulia. Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho. Sikumuaga.

Baba alifariki mwaka 2005, na mlango wake ukabaki umefungwa. Miaka miwili baadaye, filamu ya Whitaker ilipokuwa ikizungumzwa kila kona, nilileta sidii yake nyumbani tuitazame na mama. Nilidhani namfanyia heshima. Kabla ya nusu mama aliinuka akaenda jikoni. Nilimfuata nikidhani amelemewa na uchungu. Nilimkuta akichambua maharage.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo ni hadithi ya wakubwa. Yetu haikuwa na Amin ndani yake. Yetu ilikuwa na baiskeli."

Kisha akanisimulia, kwa mara ya kwanza, miaka thelathini baada ya tukio. Baba alikuwa amenunua baiskeli mpya na alikuwa ametajwa kupandishwa cheo. Mtu mmoja aliyefanya naye kazi, mtu wa upande wetu, mwenye kusema lugha yetu na kuimba nasi kanisani, alipeleka jina lake kwa makachero wa State Research. Alisema baba anahifadhi barua za waasi. Hapakuwa na barua yoyote. Palikuwa na cheo na baiskeli. Siku hizo ilitosha kulitaja jina la mtu.

Aliyemwokoa baba alikuwa dereva wa lori kutoka Arua. Walizoeana kazini, wakizungumza Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Dereva huyo alisikia jina la baba likitajwa na askari waliotoka kwao. Alikuja usiku, hakuketi, akasema, "Kesho usiende kazini." Alfajiri alimficha mama na mimi kati ya magunia akatushusha karibu na Busia. Baba alipita njia za panya kwenye mashamba ya mihogo. Baiskeli ilibaki, na mama anajua ilibaki na nani.

Nilikaa pale kwenye kigoda nisijue la kusema. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimebeba hadithi ambayo ndani yake adui alitoka Koboko na Arua. Kumbe aliyetuuza alikuwa wetu, na aliyetuvusha alikuwa wao.

Nilimuuliza mama kwa nini hawakutuambia. Alisema mtu yule alikuwa bado hai, watoto wake walikuwa wakisoma na binamu zetu, na baba hakutaka tukue na kisasi. Ninaelewa. Wengi wa wazee wetu walinyamaza kwa nia njema. Lakini chumba walichokiacha kitupu hakikubaki kitupu. Baba alitaka kunikinga nisimchukie mtu mmoja mwenye hatia, na sinema ikanifundisha kuchukia maelfu wasio na hatia.

Mwaka 2008 nilipata namba ya simu ya mwalimu yule wa hesabu. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno samahani. Alinisikiliza hadi mwisho. Ndipo akaniambia kwamba yeye pia alilelewa uhamishoni, kule Zaire ilivyoitwa wakati huo. Amin alipoanguka, askari wa serikali zilizofuata waliingia West Nile kulipiza kisasi, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Mnamo 24 Juni 1981, katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci karibu na Arua, askari waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia pale wakitafuta usalama. Alikuwa na ndugu miongoni mwao. Tulikuwa walimu wawili, wakimbizi wawili waliorejea, tungekaa nyumba moja mwaka mzima tukizungumza Kiswahili cha uhamishoni, changu cha Kenya na chake cha Zaire. Badala yake nilimwita mpwa wa Dada.

"Mwalimu," akaniambia mwishowe, "si ungeniuliza tu?"

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni mambo gani ambayo sinema imeamua tuyajue, na yapi imeyaacha. Uvamizi wa makomando wa Israeli pale Entebbe ulitokea Julai 1976. Kabla mwaka 1977 haujaisha ulikuwa umeshafanyiwa filamu tatu: Victory at Entebbe, Raid on Entebbe na Operation Thunderbolt. Mwaka 2018 ikaja nyingine. Lakini sijawahi kuona filamu ya Ombaci katika kibanda chochote cha mpakani. Wala sijaona ya Mukura, kule Teso, ambako mnamo 11 Julai 1989 watu 69 walikufa kwa kukosa hewa baada ya askari kuwafungia ndani ya behewa la garimoshi wakiwashuku kuwa waasi. Wanafunzi wangu wengi, hata wale wenye jamaa huko Teso, wanaijua Entebbe kwa mapana na marefu na hawajui Mukura iko wapi. Asiyeonyeshwa kwenye skrini huonekana kama hakuwahi kuumia.

Mtasema hayo ni ya vita na siasa, na kwamba ninyi wafanyabiashara yanawahusu nini. Basi tuje sokoni.

Mnakumbuka filamu za Nigeria zilivyotujia kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Iliyofungua njia ni Living in Bondage ya mwaka 1992, kisa cha mwanamume anayemtoa kafara mke wake ili awe tajiri. Baada yake zikafuata nyingine zisizo na idadi zenye utajiri wa damu, nyoka na majeneza. Nazo hazikuingia mahali pasipo na hofu, kwani mauaji ya watoto kwa ajili ya kafara ni jambo lililotokea kweli Uganda, hata polisi wakaunda kikosi maalumu mwaka 2009, na Bunge likapitisha sheria dhidi ya kafara za binadamu mwaka 2021. Mzazi anayemlinda mtoto wake hakosei.

Lakini ninamfahamu mama mmoja muuza mitumba, upande wa Kenya wa Busia, ambaye biashara yake ilipanuka haraka. Alianza na kirobota kimoja, akapata kibanda, kisha duka. Mwaka huo huo mtoto wa dada yake alifariki kwa malaria. Minong'ono ikaanza. Wateja walipungua, majirani wakawakataza watoto wao kucheza na wake. Nilimsikia kwa masikio yangu mtu akieleza jinsi mama huyo alivyofanya ibada yake, na nilichosikia kilikuwa filamu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitazama, kutoka mshumaa wa kwanza hadi kioo.

Ukweli ni kwamba mama huyo na wenzake kumi na wawili walikuwa na chama, wakiweka akiba kila wiki kwa miaka sita, na zamu yake ya mkopo ilikuwa imefika. Kwa nini watu hawakujua? Kwa sababu sisi watu wa mpakani hatusemi pesa zetu zimetoka wapi. Tunaogopa kodi, tunaogopa jamaa wa kuomba, na tuseme ukweli, baadhi yetu tunaogopa swali la mizigo iliyopita njia za panya. Baba yangu alificha kisa cha baiskeli, mfanyabiashara huficha kitabu cha hesabu, na matokeo ni yale yale. Wewe usiposema umepataje, sinema itakusemea.

Mama yule alifanya nini? Mwenyekiti wa chama, mwanamke mzee anayeheshimiwa, alikuja na daftari sokoni akawasomea majirani majina na michango, wiki baada ya wiki. Si wote walioamini, lakini watoto walianza kucheza pamoja tena.

Siku hizi kibanda cha mabati kimeingia mfukoni. Kijana analipa kidogo anajaziwa filamu kwenye simu. Na filamu hizo nyingi huja na sauti ya mtu wa kwetu juu yake. Upande wa Uganda ni hao wanaoitwa VJ, kama VJ Jingo, wakisimulia kwa Kiganda. Upande wa Kenya ni DJ Afro na Kiswahili chake cha mtaani. Wanapenda kuongeza chumvi, wanatia majina ya mitaa yetu, wanamwambia mtazamaji nani ni mbaya kabla hajajionea mwenyewe. Siwalaumu. Wanafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mzee kando ya moto: kueleza kinachoendelea. Watoto wanawapenda kwa sababu wana kiu ya mtu wa kuwaeleza. Swali langu ni kwa nini sauti hiyo iwe ya mtu wa mbali peke yake, huku babu yupo chumba cha pili akisinzia na yote aliyoyaona.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga vibanda na kupiga filamu marufuku. Mimi siungi mkono. Kwanza haiwezekani, maana huwezi kupekua kila simu inayovuka mpaka. Pili, filamu ile ya 1981, pamoja na kasoro zake, ilitukumbusha kwamba watu walikufa, wakati ambapo vitabu vyetu vya shule viligusa jambo hilo kwa sentensi mbili tatu tu. Ukimnyang'anya mtoto hadithi mbovu bila kumpa nyingine, umemwacha na chumba kile kile kitupu.

Ninachofanya mimi darasani ni hiki. Tukitazama filamu inayohusu watu wa kweli, wanafunzi wanajibu maswali matatu. Nani aliitengeneza, na lini? Nani hayumo ndani yake ambaye alipaswa kuwemo? Na nani miongoni mwetu, katika mji huu, alikuwepo tunayeweza kumuuliza? Swali la tatu ndilo zito. Mvulana wa Garrigan nilimpa nafasi ya kuandika upya, kwa sharti kwamba amuulize nyanya yake. Alirudi na kurasa mbili kuhusu sukari na sabuni zilivyoadimika, na jinsi nyanya alivyovuka usiku kwenda Kenya kununua chumvi. Ndani yake hapakuwa na rais wala daktari. Nilimpa alama kumi na nane kati ya ishirini.

Ninajua si kila mzee yuko tayari. Wapo walio na majeraha mabichi, na wapo wasiotaka kuwataja watu ambao bado wanakutana nao njiani. Mtu asilazimishwe. Majina yanaweza kuachwa. Mama hajawahi kuniambia jina la yule aliyepeleka habari, nami sijamuuliza tena. Nilichohitaji halikuwa jina. Nilihitaji kujua kwamba kulikuwa na baiskeli, na kulikuwa na dereva.

Hasa sisi tuliorudi, tunadaiwa. Tumeishi pande mbili, tumeona kwamba askari wa upande huu na wa upande ule wote huomba sigara. Tangu mwaka 2018, pale Busia, maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na lori hupita kwa kusimama mara moja tu. Mizigo imerahisishiwa njia. Hadithi zetu bado zimekwama mpakani, na watoto wetu wanaagiza nyingine kutoka Hollywood na Lagos.

Shime, wazazi na wazee wa Busia na Tororo. Mtoto akikuuliza kwa nini mlikimbia, mwambie, hata kama ni kidogo, hata kama huna majibu yote. Akikuuliza duka limetokana na nini, mfungulie daftari. Nasi tulio walimu, tukikutana na mwenzetu ambaye tumemjua kwa filamu tu, tuketi naye kwenye chakula alichotualikia. Mwalimu wa Koboko alikuwa amepika kuku siku ile. Wenzangu waliokwenda waliniambia kuwa alikuwa mtamu, na kwamba mwenyeji wao aliuliza mara mbili kama ninakuja.